Juzuu ya Nne

Mwanga wa Bradford mwezi wa Novemba hauingii nyumbani, unachungulia. Unasimama dirishani, unatazama mashuka meupe yaliyotandikwa sakafuni, unawatazama akina mama wanaovua viatu mlangoni, kisha unajiondokea. Saa tisa na nusu alasiri umeshakwenda zake. Na hao akina mama huwasha taa, hukunja miguu, husogeza magoti ili mwenzao apate nafasi, na husoma.

Wanasoma sana. Hilo lisemwe mapema, asije mtu akadhani hapa panasimuliwa habari za watu wasiosoma. Wanasoma akifa mtu na akizaliwa mtu, wakinunua nyumba na wakimpeleka mgonjwa kupasuliwa. Msikiti una sanduku la mbao lenye juzuu thelathini, kila moja na kijitabu chake chenye jalada la plastiki, na sanduku hilo halimalizi wiki mbili bila kutoka. Linaletwa kwa gari, linapokewa kwa mikono miwili, linafunguliwa katikati ya shuka. Pembeni humwagwa kokwa za tende, kilo tatu za kokwa, za kuhesabia uradi, na jikoni wali unatokota.

Mikono ikiingia sandukuni, kila mmoja huwahi chake. Vikongwe huwahi juzuu ya thelathini, yenye sura fupi walizohifadhi utotoni. Wasichana hupima kwa vidole wakitafuta iliyo nyembamba, ingawa zote ni sawa. Maksuda hakuwa na haja ya kuwahi. Yake ilikuwa ya nne, na aliyeishika kwa bahati mbaya alimsogezea mwenyewe.

"Mpeni Bi Maksuda ya nne yake," husema wenzake. "Chai haijachemka atakuwa ameshaimaliza."

Dakika ishirini. Wenzake walihitaji arobaini. Soma, Maksuda, walimwambia, na Maksuda alisoma. Miaka sitini alisoma, kwa sauti nyembamba isiyo na doa, kila herufi mahali pake, kila mvuto kwa kipimo chake. Na maana hata moja hakuijua.

Hata moja. Na asidhaniwe ni mjinga. Huyu ni mwanamke asiyenunua samaki bila kufunua matamvua. Huyu ndiye aliyewaandikia watu wa halmashauri barua kumi na moja kwa sababu ya ukuta unaovuja, mpaka wakaja kuujenga upya. Dawa ya presha haimezi kabla hajasoma karatasi yote iliyomo kwenye boksi, mpaka zile herufi za mwisho ndogo kama sisimizi. Kila kitu alikiuliza. Kitu kimoja tu, kile alichosema anakipenda kuliko macho yake, hakuwahi kukiuliza swali, kwa sababu alipokuwa na miaka sita, katika kijiji cha milimani nje ya Mirpur, aliuliza, na mwalimu akamchapa fimbo ya vidole.

"Wewe soma," mwalimu alimwambia. "Maana ina wenyewe."

Maana ina wenyewe. Akaibeba kauli hiyo pamoja na blanketi na vyombo vya mahari, akapanda nayo ndege, akateremka nayo kwenye baridi ya Yorkshire, akailea pamoja na watoto wake. Na hao wenyewe ni akina nani? Wako wapi, wanakaa mtaa gani, wamepewa hati na nani? Watu walifanya kazi za usiku viwandani, wakajinyima, wakajenga msikiti wenye kuba la kijani linaloonekana kutoka barabara kuu. Kamati yake ilibishana miaka miwili juu ya taa ya thuraya, iwe ya matawi mangapi. Zulia linabadilishwa kabla halijachakaa. Lakini wanawake walipoomba chumba kimoja, saa moja, siku ya Alhamisi, ili wafundishwe maana ya wanachosoma, mwenye funguo aliwacheka usoni.

"Wasome nini tena?" alisema Fazal. "Si wameshasoma?"

Fazal ni shemeji yake Maksuda, kaka mkubwa wa waume zake wote wawili. Ndiyo, wote wawili, na habari hiyo inakuja.

Na watoto je? Kila siku wakitoka shule, tumbo likiwa na njaa, wanaketi kwenye mabenchi kuanzia saa kumi na moja mpaka saa moja, wanayumba mbele na nyuma, wanasoma. Siku mtoto akihitimu huvishwa skafu ya nyuzi za dhahabu, huwekwa kwenye kiti kilichopambwa, mtaa mzima hugawiwa ladu za sukari, hupigwa picha. Kisha Msahafu hupandishwa juu ya kabati, juu kabisa, kwa heshima, asipoufikia. Amemaliza, wazazi husema. Amemaliza nini, enyi wazazi? Mtoto ameoshewa sahani tu, hajapakuliwa, nanyi mnampongeza kwa kushiba. Kesho akiwa na miaka kumi na saba, dunia ikimuuliza maswali yake magumu barabarani na darasani, atajibu kwa kitu gani?

Basi Oktoba hiyo akafa Tanvir.

Alikuwa kifungua mimba wa Maksuda, mtu wa miaka arobaini na minne. Alianguka kwenye maegesho ya magari ya kazini kwake, Jumanne mchana, na hakuinuka. Aliacha mjane, Nazish, na mabinti wawili, Areeba wa miaka tisa na Zoya wa miaka sita, ambao wote waliishi chini ya paa la Maksuda, ngazi moja, jiko moja. Asubuhi Zoya alikuwa na desturi ya kuteremka na soksi mkononi na kumwekea bibi yake miguu mapajani bila kusema neno. Desturi hiyo haikukatika hata siku ya maziko.

Wiki ya pili Fazal alikuja. Alikunywa vikombe viwili vya chai, akaeleza alichokuja kueleza.

"Nazish bado kijana," alisema. "Kamran naye tangu aachane na yule wa Luton amekaa tu. Watoto ni damu yetu, Maksuda. Ukimwacha huyu msichana atarudi kwao Leicester, ataolewa na mtu baki, nawe utawaona watoto mara mbili kwa mwaka. Siku ya arobaini tutalitangaza. Ndoa itafuata eda ikiisha."

Kamran ni mwanawe wa pili Maksuda, mdogo wake Tanvir. Eda ilikuwa haina hata nusu mwezi. Mjane yuko ghorofani, nguo nyeupe, macho yamevimba, na chini wanaume wanampangia kitanda. Mtu angetaka kusema kwamba Maksuda alikasirika, lakini hii si hadithi ya mtu aliyekuwa mwema tangu mwanzo. Maksuda aliifikiria ile miguu midogo mapajani mwake.

"Sawa, Shemeji," alisema. Na moyoni alifurahi.

Jikoni alimkuta Kamran akiosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

"Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

"Unaonaje?"

"Ba'mkubwa ameshasema. Mimi nani?"

Maksuda alimwacha na vikombe vyake. Alikwenda kumsomea marehemu Tanvir.

Alimsomea Msahafu mzima, peke yake, siku tisa. Aliweka kando runinga na simu na usingizi wa mchana. Siku ya tisa alifunga jalada, akakaa kitandani, mikono imelala mapajani, akangoja ile faraja ambayo siku zote huja. Haikuja. Badala yake lilikuja swali. Nimempelekea mwanangu nini? Alikuwa amefunga furushi kubwa, amelifunga vizuri, amelituma kwa mtu anayempenda kuliko wote, na mtu huyo angemuuliza limebeba nini, angebaki kumtumbulia macho. Alilia kwa aibu kabla hajalia kwa msiba.

Alhamisi hiyo alipanda ngazi zilizo nyuma ya duka la vitambaa.

Wanawake walionyimwa chumba msikitini walikuwa wamekodi hapo juu, kati ya majora ya hariri bandia. Walikuwa kumi na mmoja. Mwalimu wao, Asmahan, ni Msudani, nesi wa wodi ya figo, na alifundisha katika mapumziko yake, sare ya hospitali ikiwa chini ya koti.

"Umesoma nini wiki hii, mama?" Asmahan alimuuliza mgeni.

"Nimesoma Msahafu mzima."

"Mashallah. Lakini nimeuliza nini, sikuuliza kiasi gani."

Wengine walicheka. Maksuda masikio yalimwaka. Alivuta mkoba wake. "Mimi nilikuwa nasoma kabla hujazaliwa, binti."

"Najua. Ndiyo maana nakuuliza wewe. Hawa wanaocheka hata kusoma kwenyewe bado."

Hapo Maksuda naye akacheka kidogo, akakaa. Wiki iliyofuata aliambiwa alete sehemu anayoijua kuliko zote, na haikumchukua muda kuchagua. Alifungua juzuu ya nne mwishoni kabisa, ukurasa wa kabla ya ule wa mwisho, kwa kuwa hapo ndipo sauti yake hupendeza zaidi. Alisoma. Wanawake walinyamaza wote, maana kwa hakika alisoma vizuri.

Asmahan akamwekea mbele kitabu kingine. "Kiurdu unakijua?"

"Nakijua sana. Nasoma riwaya za magazetini tangu ujana."

"Basi soma mwenyewe. Mstari uleule."

Kitabu hicho hakikuwa kigeni. Kingine mfano wake kilikuwa nyumbani kwake, sebuleni, rafu ya pili, kimefunikwa kitambaa cha kijani. Kiurdu anakijua, kitabu anacho, macho anayo. Miaka yote hiyo maana ilikuwa umbali wa mkono kutoka kwenye kiti chake, na hakuna aliyemzuia ila kauli ya mwalimu mwenye fimbo ambaye mifupa yake imeshaoza. Usilolijua ni kama usiku wa giza, wahenga walisema. Lakini huyu taa ilikuwa rafuni, naye ameivalisha kitambaa.

Akasoma. Maneno yaliwaita walioamini, kisha yakawaambia kwamba si halali kwao kumrithi mwanamke bila ridhaa yake, kama anavyorithiwa ng'ombe au shamba, wala kumbana. Akasoma tena. Akavua miwani, akaipangusa, akasoma mara ya tatu.

"Hii iko hapa tangu lini?" aliuliza.

"Tangu iteremshwe, mama."

Alikuwa na miaka ishirini na miwili alipofiwa na Bashir, mume wake wa kwanza, kijana aliyemfundisha mbwa wa jirani kusalimia kwa mguu. Mapafu yake yalijaa vumbi la sufi. Tanvir alikuwa na miezi saba. Siku ya arobaini walitandika mashuka, wakafungua sanduku, wakampa mjane juzuu ya nne, na mjane alisoma kwa machozi mpaka wanawake wakasema hawajasikia msomaji kama huyu. Upande wa pili wa mlango, Fazal, ndevu zake zikiwa bado nyeusi, alikuwa anamwambia mdogo wake Karamat kwamba imekwisha amuliwa. Mdomo wa Maksuda ulikuwa unatangaza kwamba si halali. Sikio lake lilikuwa linasikia kwamba imekwisha amuliwa. Na yeye katikati, hajui kwamba anajitetea.

Hakuna hata mmoja aliyejua. Hilo ndilo linalochoma. Nyumba nzima ya waumini, wamejaa mpaka ngazini, wanasikiliza kwa unyenyekevu, wanafuta machozi, halafu wanatenda kilekile walichokatazwa kabla wali haujapoa.

Miaka thelathini na minne alikaa na Karamat. Hakuwa mtu mbaya. Ingekuwa rahisi angekuwa mbaya. Alikuwa mtu ambaye hakuulizwa, akapewa mtu ambaye hakuulizwa. Miaka miwili ya mwanzo Maksuda alikuwa anasahau, anamwita shemeji, gizani, kitandani. Alimzaa Kamran katika ndoa hiyo. Alimuuguza mumewe mpaka mwisho, akamsomea naye juzuu ya nne.

Wanawake wa ile Alhamisi walimwona akifunga kitabu na kuondoka bila kuaga. Alitembea mpaka kituo cha basi, akaacha mabasi matatu yapite. Alikuwa na hasira na mwalimu, na Fazal, na kamati na thuraya yake, na baba yake aliyezikwa. Ilipofika zamu ya kujikasirikia mwenyewe, ile "Sawa, Shemeji" yake ilimrudia mdomoni, chungu. Yeye hakujua kitu wakati ule, miaka arobaini na mitatu iliyopita. Lakini sasa anajua. Na sasa, anayerithiwa yuko ghorofani kwake, na mmoja wa warithi ni yeye.

Jumapili ya khitma, siku ya arobaini ya Tanvir, walikuja wengi. Wanaume chumba cha mbele, wanawake cha nyuma, katikati mlango wa kukunjwa umeachwa wazi kidogo ili dua isikike. Sanduku lilizunguka. Ya nne ikaja kwa mwenyewe.

Chai ikachemka, ikanywewa. Kijitabu kimoja kimoja kikarudi sandukuni, naye Fazal, upande wa wanaume, akivihesabu kama ilivyo desturi, kwa kuwa dua haiombwi mpaka thelathini zote zitimie. Ishirini na tano. Ishirini na nane. Ishirini na tisa.

"Bado ipi?" Fazal aliuliza.

Wanawake waliangaliana. "Bi Maksuda, leo vipi, mafua?" mmoja alimtania. "Hata mimi mwenye mtoto wa jicho nimekupita."

"Nasoma," alisema Maksuda. Kidole chake kilikuwa kwenye ukurasa wa kabla ya ule wa mwisho. Pembeni ya goti lake palikuwa na kile kitabu cha Kiurdu, kitambaa kimevuliwa.

"Maksuda," sauti ya Fazal ilipita mlangoni, "watu wana njaa."

"Najua, Shemeji. Wali nimeupika mimi."

"Na kuna neno la kutangaza baada ya dua."

"Hilo nalijua pia. Ndilo lililonikwamisha."

Akasoma mstari kwa Kiarabu, kwa ile sauti yake, na pande zote mbili zikatulia kama kawaida. Kisha, pale ambapo angeendelea, hakuendelea. Alisoma maana. Aliisema kwa lugha ya nyumbani, lugha ya kuitia watoto na kukaripia kuku, ili asiwepo wa kusema hakuelewa. Alisema kwamba alisoma maneno haya ndani ya nyumba ya Bashir siku ya arobaini, na watu waliomsikia siku ile wengine wako hapa. Alisema hakuulizwa. Alisema kwamba wiki nne zilizopita yeye mwenyewe alikubali mtu mwingine asiulizwe, kwa sababu ya uchu wake wa wajukuu, na anamwomba Mungu msamaha mbele yao.

"Hayo si ya kuzungumzwa hapa," Fazal alisema. Sauti ilikuwa imepanda. "Nani kakupa wewe tafsiri? Maana ina wenyewe, Maksuda."

"Inao. Mmoja amekaa pale ngazini."

Vichwa viligeuka. Nazish alikuwa ameketi ngazi ya tatu, shela nyeupe, mkono mmoja umeshika nguzo. Hakuna aliyekuwa amemwona akiteremka. Kamran, chumba cha mbele, aliinuka, akakaa tena, akainamisha uso viganjani, na waliokuwa karibu naye walisema baadaye kwamba mabega yake yalishuka kama ya mtu aliyetuliwa mzigo.

"Nazish, mwanangu," Maksuda alisema. "Sikukuuliza. Nakuuliza sasa, nao wakisikia. Unataka nini?"

Mwanamke mmoja alinong'ona kwamba ni aibu. Maksuda alimtazama mpaka akashughulika na kokwa zake za tende.

"Nataka nimalize eda yangu kwa amani," Nazish alisema. Maneno yalitoka sawasawa, kama ya mtu aliyeyasema peke yake mara nyingi. "Halafu nataka kwenda kwa mama, Leicester." Alimtazama mama mkwe wake, na huruma ilikuwemo katika kutazama huko, na hakurudi nyuma. "Na wanangu, Mama."

Maksuda alikuwa na maneno tayari. Nyumba hii ni yao. Shule wameizoea. Mimi nitabaki na nani? Yote yalikuwa kweli, yote yalifika kwenye ulimi, na lolote kati ya hayo lingetosha, maana Nazish alimpenda, na mtu akupendaye ni rahisi kumbana. Aliyameza.

"Umesikia, Shemeji?" alisema.

Fazal alianza kuvihesabu upya vijitabu vya sandukuni.

"Basi hakuna tangazo."

Akainama juu ya juzuu. Ukurasa mmoja na nusu uliobaki aliusoma polepole, mstari kisha maana, mstari kisha maana, na hakuna aliyethubutu kumharakisha. Alipomaliza, alinyoosha mkono kupitia upenyo wa mlango, akakishikilia kijitabu hewani mpaka mikono ya Fazal ikakipokea.

"Thelathini," alisema. "Ombeni."

Wakaomba. Zoya alikuwa ameshuka kutoka ghorofani, akajipenyeza kati ya magoti ya akina mama, akajilaza mapajani kwa bibi yake. Eda ni miezi minne na siku kumi. Arobaini zimekwisha. Zilibaki siku kama tisini za kuwa na mtoto huyu nyumbani, na Maksuda alizihesabu mikono yake ikiwa juu, wenzake wakiitikia amina.